Ngozi ya Ng'ombe wa Bodi

Juni 8, Makoko, Musoma

Nimewapa watoto wa darasa la sita kazi ya likizo: waandike shajara kwa Kiingereza, kila siku angalau sentensi tano. Wakanuna. Mmoja akaniuliza kama na mimi nitaandika. Nikasema ndiyo, mbele ya darasa zima, kwa hiyo naandika. Ila yangu ni ya Kiswahili. Kiingereza changu nilikipata kwa mkopo na mpaka leo nakilipia, sioni sababu ya kukitumia bure.

Juni 9

Upepo wa ziwani. Nimefua mashuka, yamekauka na harufu ya dagaa wa jirani.

Juni 11

Mshahara umeingia. Shule inanilipa laki nne na nusu. Kabla sijaugusa, asilimia kumi na tano imekwenda Bodi ya Mikopo, halafu mfuko wa jamii wamechukua chao, halafu kodi. Chumba hiki elfu hamsini. Nyumbani Nyamuswa natuma sabini au themanini, inategemea nani anaumwa. Deni lilianzia milioni kumi na moja na kitu. Nilikaa miaka miwili bila kazi baada ya chuo, huu ni mwaka wangu wa tano wa kulipa, na kwa mwendo huu nitamaliza nikiwa na miaka arobaini na moja.

Nayaandika haya kwa sababu Boke amepiga simu. Boke ni mdogo wangu wa mwisho, amemaliza kidato cha sita mwezi uliopita, na anataka kwenda Dodoma kusomea Kiingereza kama mimi. Fomu ya mkopo inataka mdhamini, na baba amegoma kusaini mpaka nimpe hesabu ya mkopo wa kwanza.

"Dada, baba anasema wewe ndiyo unajua," aliniambia. "Useme tu ukweli. Ila useme vizuri."

Juni 15, Nyamuswa

Nimekuja kuvuna pamba. Mwaka huu imepasuka yote kwa pamoja, shamba jeupe mpaka barabarani. Nilimwamkia baba, akaitikia, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile la kila mwaka:

"Ile ng'ombe ya Bodi imezaa ngapi?"

Baba yangu, Mzee Burito, hajawahi kuita ule mkopo mkopo. Kwake, Bodi walimwekesha binti yake ng'ombe, kama yeye mwenyewe alivyowekeshwa ng'ombe na Mzee Mseti wa Butiama. Na masharti anayajua usingizini. Aliyewekeshwa anakunywa maziwa na anachukua samadi. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na mwenye ng'ombe akiridhika na utunzaji, siku moja anamkatia mtunzaji ndama mmoja awe wake. Zizi letu lote lilianza hivyo.

"Hapo anayekamuliwa ni mimi, baba," nikamjibu.

Alicheka, lakini hakuliacha. "Mwezi wa nane fomu inafungwa. Mimi nataka hesabu. Kama hiyo ng'ombe haizaagi, siwezi kuleta ya pili hapa nyumbani."

Juni 16

Pamba. Mgongo.

Juni 17

Pamba. Boke anavuna huku anajisomea Kiingereza kwa sauti. Matamshi yake mazuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake, na nimemwambia.

Juni 19

Ng'ombe wa Mzee Mseti amekufa. Ndigana. Baba alikesha naye zizini siku mbili, akampigia daktari wa mifugo, akachoma sindano kwa hela ya dawa za pamba. Asubuhi hii amemkuta amelala miguu imenyooka. Alinoa kisu, akamchuna taratibu, na ule upande wenye alama ya moto akauchuna kwa uangalifu zaidi ili alama isikatike.

Juni 20

Tumekwenda Butiama, baba na mimi, ngozi imeviringishwa kwenye turubai na paja la nyuma kwenye ndoo. Nilikuwa nimesikia habari hizi tangu utoto, kuziona ni leo.

Mzee Mseti alitupokea, tukasalimiana kwa kirefu, watoto, mvua, pamba, ndipo baba akaitandaza ngozi chini. "Ng'ombe yako imekufa," akasema. Mzee Mseti akainama, akaitafuta alama kwa kidole, akaipata. Akauliza ilianza kuumwa lini, akauliza dawa, akasikiliza yote. Kisha akasema, "Basi. Imeisha." Akamwita mkewe alete chai.

Hiyo ndiyo habari yote. Hakuna aliyesema lipa. Mtu hadaiwi ng'ombe aliyekufa akiwa anatunzwa, mradi apeleke ngozi. Njiani baba alikuwa mwepesi kabisa, akanunua miwa. Mimi nilitafuna miwa huku nimekasirika, sijui na nani.

Juni 28, Makoko

Stanislausi amepita kunisalimia. Tulisoma naye darasa moja, shahada moja, hata ufaulu wetu ulilingana. Yeye hakubaki kufundisha. Anaongoza watalii, anakutana nao Bunda na kuingia nao hifadhini. Mwezi huu wa wageni anapata mshahara wangu mara tatu. Mwezi wa nne alinikopa elfu ishirini ya unga.

"Mwambie mdogo wako asome," alisema. "Kiingereza siyo shida. Shida ni nani unayemwongelesha. Wewe unawaongelesha watoto, watoto hawana dola."

Kanirudishia elfu ishirini yangu na sato wawili wakubwa. Nilimshukuru, kisha nikachelewa kulala nikimwonea wivu.

Julai 8

Shule imefunguliwa. Mkurugenzi amewaita walimu watatu ofisini, mimi mmojawapo. Wanafunzi wamepungua, wazazi wengine wamehamishia watoto shule mpya ya Iringo, kwa hiyo Kiingereza kitafundishwa na walimu wa madarasa wenyewe. Tutalipwa mwezi huu, basi. Alituambia kwa Kiingereza. Alikosea mara mbili na sikumsahihisha.

Watoto wa darasa la sita walikuwa wameleta shajara zao. Nimezibeba zote nyumbani, nitazisahihisha hata kama sitakuwapo.

Julai 9

Nimelia, nimesonga ugali, nimelala.

Julai 12

Nimezunguka mjini na bahasha. Shule mbili zinataka mwalimu mwenye shahada ya ualimu. Yangu ni ya Kiingereza kitupu. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili niliona ualimu unanipunguzia hadhi. Wenye ualimu nao wako foleni ya ajira, ila foleni yao angalau ina jina.

Julai 13

Matokeo! Boke amepata daraja la kwanza, Kiingereza ana A. Alipiga simu akipiga kelele, nyuma yake mama anapiga vigelegele, na mimi hapa chumbani nikapiga vigelegele peke yangu mpaka Mama Jeska, mwenye nyumba, akaja kugonga mlango.

Nimefurahi kweli. Sijamwambia habari ya kazi.

Julai 20, Nyamuswa

Nimerudi nyumbani na godoro na masanduku, kwa hiyo hakuna cha kuficha. Mama alinishika mkono tu. Boke alisimama pale mlangoni na lile tabasamu la matokeo likimtoka usoni polepole. Baba alikuwa anafunga magunia ya pamba.

"Imekufa?" akauliza.

"Nini?"

"Ng'ombe."

Nilikuwa nimechoka, jua kali, koo limekauka. "Imekufa, baba," nikasema. "Haikuzaa na sasa imekufa. Hesabu yako ndiyo hiyo."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga magunia.

Julai 21

Nimezungumza na Boke. Nilitaka nimwambie taratibu, ila mimi sijui taratibu. Tulikaa juu ya magunia, nikamwambia asiombe. Nikampigia hesabu zote. Nikamwambia aanze stashahada ya kitu chenye kazi, au asubiri mwaka.

"Dada, ungekuwa haujasoma, saa hizi ungekuwa wapi?"

"Hapa, kwenye pamba."

"Na sasa uko wapi?"

"Hapa, kwenye pamba. Na deni."

Hakucheka. Alisema, "Mimi nilichagua Kiingereza sababu yako. Ulikuwaga unakuja likizo unanisomea vitabu. Kumbe ulikuwa unanidanganya?"

Nikasema sikumdanganya, vitabu ni vizuri, bei yake ndiyo mbaya. Akainuka. Nilitamani kumwita nikashindwa, kwa sababu nilichokisema ni kweli.

Julai 24

Boke hanisemeshi. Tunavuna mistari miwili tofauti.

Julai 25

Vilevile.

Julai 29

Vilevile. Mama anatugawia chakula sahani mbili kama wapangaji.

Agosti 2

Pamba imeuzwa na watu wana hela, na mzazi mwenye hela anakumbuka mtoto hajui Kiingereza. Wamama watatu wamekuja kuuliza kama naweza kufundisha jioni. Mchungaji ametuazima kanisa. Leo walikuja watoto kumi na wawili.

Agosti 6

Wamefika thelathini. Wanalipa kwa wiki. Nikipiga hesabu, kwa mwezi ni kama mshahara wa shule, na hakuna mkurugenzi. Lakini hela ya pamba ikiisha na darasa litaisha. Sitaki kujifurahisha. Kilichonishangaza ni Boke, alikuja bila kuitwa, akachukua wale wadogo upande wa pili wa kanisa, akaanza kuwafundisha nyimbo. Bado hanisemeshi.

Agosti 9

Baba ameondoka alfajiri. Nilimuuliza mama, akasema, "Ameenda Mwanza. Kwa wenye ng'ombe."

Sikuelewa. Mwanza baba hana ng'ombe wa mtu. Halafu nikaona sanduku la bati la mama liko wazi, lile ambamo cheti changu cha chuo kinakaa kwa sababu chumbani Makoko kuna unyevu. Cheti hakipo. Jana baba alichinja mbuzi nikadhani ni kwa ajili ya matokeo ya Boke. Nikaenda jikoni nikahesabu mapaja.

Mungu wangu. Amepeleka ngozi.

Nimempigia simu haipatikani. Boke, ambaye hajanisemesha wiki tatu, alinitazama, nikamtazama, akasema, "Na paja?" Nikasema na paja. Tukacheka mpaka tukakaa chini, halafu wote wawili tukaacha kucheka kwa pamoja, maana tuliwaza kitu kimoja: baba yetu na kofia yake kwenye lango la ofisi ya Bodi, watu wanamshangaa.

Agosti 10

Amerudi jana jioni, amechoka lakini hana huzuni. Alikula, akanawa, ndipo akasimulia. Naandika alivyosema, ninavyokumbuka.

Mlinzi alimsimamisha langoni kwa sababu ya paja. Alimwambia nyama haiingii ofisini. Baba akamweleza ni la mwenye ng'ombe, siyo rushwa, ni utaratibu. Mlinzi ni mtu wa Tarime, akaelewa nusu, akamshauri ampe mama lishe wa ng'ambo ya barabara, kisha aingie mikono mitupu. Mama lishe alilichoma, mlinzi akala, baba akala.

Ndani alipangiwa dirisha, kwa kijana mmoja mwenye shati jeupe. Baba akatoa cheti kwenye turubai ile ile ya Butiama, akakitandaza juu ya kaunta, akasema: "Ng'ombe yenu imekufa. Mimi ndiye baba wa mtunzaji. Ilitunzwa vizuri, haikufa kwa uzembe. Hii hapa."

"Akacheka?" Boke akauliza.

"Hapana. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia. Akasema babu yake wa Magu alikuwaga na ng'ombe za kuwekeshwa. Basi akatoka pale kwenye dirisha, akaja kukaa na mimi kwenye benchi."

Kijana alimweleza kwamba nikiwa sina kazi niandike niwaeleze, nikipata nitaendelea kulipa, lakini deni lenyewe haliondoki. Baba akamuuliza hata kama kazi imekufa? Hata kama. Hata ngozi ikija? Hata ngozi ikija.

"Ng'ombe yao haifagi," baba akatuambia, na akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumesikia. "Nimefuga miaka yangu yote, sijawahi kuona mnyama hafi."

Kisha yule kijana akakitazama cheti na kumuuliza baba kama anajua kimeandikwa nini. Baba hajui Kiingereza. Akamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari: kwamba chuo kimemtunuku Wankyo Burito shahada, na kwamba amefaulu kwa daraja la juu, kwa heshima.

"Nikamwambia arudie," baba akasema. Kisha akanigeukia. "Wankyo. Hiyo karatasi iko kwenye sanduku la mama yako miaka saba. Mimi nilijua ndiyo karatasi ya deni. Mbona haukunisomeaga?"

Nimewasomea Kiingereza watoto wa watu mji mzima wa Musoma, na baba yangu amesomewa jina la binti yake na kijana wa dirishani.

Agosti 11

Jumapili. Baada ya kanisa baba aliniita zizini. Boke akaja nyuma yetu, hakufukuzwa.

"Njiani nilikuwa nafikiria," akasema. "Wewe uliniambia haikuzaa."

"Haikuzaa, baba."

"Haya. Haya mabati nani aliezeka?"

"Mimi nilituma hela."

"Macho ya mama yako, pale alipofanyiwa operesheni?"

"Mimi."

"Plau. Na huyu Boke, michango yake ya shule, godoro, nauli, toka kidato cha tatu?"

"Mimi, baba."

"Hizo ni ndama," baba akasema. "Zilizaliwa, na sisi tukazila. Kila mwaka unakuja hapa nakuuliza ng'ombe imezaa ngapi, unasema hakuna, na mimi nakubali. Kumbe ndama ziko tumboni mwetu. Mimi ndiye nilikula, halafu nasimama hapa nakudai hesabu."

Mimi hizo zote nilizipanga upande wa matumizi. Tangu naanza kazi, nikipiga hesabu, Bodi na nyumbani huwa nawaweka mstari mmoja, watu wanaonila. Sijawahi kufikiri kwamba yale macho ya mama ni faida ya shahada ya Kiingereza. Nililia pale pale, ng'ombe wakinitazama. Boke alinishika bega, na baba akajifanya anakagua kupe.

Agosti 17

Boke na mimi tumemaliza kuzungumza, safari hii bila hasira. Nimemwambia aende. Sikumwambia Kiingereza kinalipa, maana kwa Stanislausi kinalipa miezi mitano na kwangu kimenitoa kazini. Nimemwambia achukue cha ualimu, ajue foleni ni ndefu, na ajue kabisa kwamba huyu ng'ombe hafi. Akasema ameelewa. Nikamwambia mbele ya baba kwamba ndama wa kwanza wasiliwe na mtu yeyote hapa nyumbani, wamalize deni kwanza. Mama aliguna, kwa sababu anataka tanki la maji. Baba akasema, "Sawa. Tutakunywa maziwa tu."

Agosti 19

Bunda, kwenye steshenari ya kuchapa fomu. Mtandao umekatika.

Agosti 20

Bunda tena. Baba amesaini sehemu ya mdhamini. Zamani kwangu alitia dole gumba. Safari hii aliomba kalamu, akaandika BURITO kwa herufi kubwa, polepole, foleni yote ikimsubiri. Kumbe Boke alimfundisha wiki nzima. Fomu imekwenda.

Agosti 23

Watoto wamepungua, kumi na tisa. Shule moja ya Bunda imeniita niende nikaonane nao Jumatatu. Sina uhakika nao. Nimesahihisha shajara ya mwisho ya darasa la sita; yule aliyeniuliza kama nitaandika, kaandika siku tatu tu.

Agosti 25

Leo baba amemtoa mtamba zizini, yule mwekundu mwenye baka jeupe kichwani, akaja naye mpaka mlangoni kwetu amemshika kamba.

"Bodi hawajui utaratibu," akasema. "Mtu ametunza ng'ombe yao miaka mitano, ameilipia, imezaa, na hawajamkatia hata ndama moja. Mimi nimekula za kwako nyingi. Hii ni yako."

Nilishika kamba. Sijawahi kumiliki kitu kinachopumua. Nikawaza chumba nilichokihama Makoko, nikawaza Jumatatu Bunda, na nikaona hakuna mahali pa kumpeleka. Kwa hiyo nikamrudishia baba kamba.

"Nakuwekesha," nikamwambia. "Maziwa ya mama. Samadi yako. Ndama zangu."

Alinitazama kama Mzee Mseti alivyoitazama ile ngozi. Halafu akaipokea kamba kwa mikono miwili, akainama kidogo kama inavyotakiwa, na mdomo ukaanza kumcheza.

"Na ikifa?" akauliza.

"Ikifa, niletee ngozi."